Baiskeli ya Mtu Mmoja

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani, maana nikisema mtaanza kubishana masika yale yalikuwa ya mwaka upi. Hapo zamani za juzijuzi palikuwa na kijiji katika bonde la mpunga, kinaitwa Lugombe. Kaeni vizuri. Wewe mwenye karanga, tafuna taratibu. Nitawapa kesi, na mwisho mtaihukumu ninyi, mimi simo.

Lugombe ni matope. Masika yakiingia gari halifiki, pikipiki haifiki. Kinachopita ni miguu na baiskeli, juu ya matuta ya mashamba, mpaka daraja la magogo, halafu ng'ambo ya mto ndipo ilipo zahanati.

Kijijini hapo aliishi mwanamke anaitwa Oresta. Kazi yake ilikuwa uhudumu katika zahanati ile: kufagia, kuchemsha vyombo, kumshika mkono mama anayejifungua wakati nesi anafanya yake. Kila alfajiri alikwenda kwa miguu, kila jioni alirudi kwa miguu. Akifika anakaa mlangoni, miguu imevimba, hasemi na mtu. Na hakuwa na mtoto. Yeye na mumewe walikuwa wamengoja, wakangoja, mpaka majirani wakaona aibu kuuliza.

Mumewe aliitwa Kasian, mkulima wa mpunga. Mtu mpole, mikono yake haijui kutulia, na alimpenda mkewe waziwazi, hata watu wakasema amelishwa kitu. Yeye hana habari nao. Jioni moja anamkanda Oresta miguu kwa maji ya moto, akasema:

"Mama, nakutengenezea baiskeli."

"Ya nani?"

"Yako."

Oresta akacheka. "Baiskeli ipi hiyo ya kupandwa na magauni haya?"

"Ndiyo maana nimesema nakutengenezea. Sikusema nakununulia."

Basi Kasian akaanza. Alikuwa na fremu ya kiume aliyoachiwa na marehemu baba yake, chuma kizito cha zamani. Akaisugua kutu kwa mchanga. Akatafuta rimu, akasuka spoku mwenyewe, akazifumua, akasuka tena mpaka gurudumu likaacha kuyumba. Tandiko akaliweka pana, lenye springi. Usukani akaunyanyua juu ili mkewe asiiname. Madigadi akayarefusha kwa vipande vya tairi bovu, tope lisimrukie gauni la kazi. Cheni akaifunika kwa bati la debe, na gurudumu la nyuma akalifumia wavu wa kamba pande zote mbili, khanga isije ikanaswa. Kila kitu alikipima kwa mwili wa Oresta. Urefu wa mguu wake, upana wa kiganja chake. Nani kati yenu ameshafanyiwa hivyo? Nyamazeni tu.

Kikabaki kitu kimoja, lile bomba la juu la fremu. Baiskeli ya kiume ina bomba la juu, na mwanamke mwenye gauni hawezi kuvusha mguu bila kujianika mbele za watu. Kasian akaibeba fremu begani mpaka kwa Ditriki, mchomeleaji wa pekee wa Lugombe, rafiki yake tangu utotoni.

"Ditriki, likate bomba hili, ulishushe chini, upite mguu."

Ditriki akaigeuza fremu, akaigonga, akaisikiliza. "Ukilikata hili umeikata mgongo. Ili ishike sawasawa inabidi niingize bomba jembamba ndani, ndipo nichomelee juu yake. Bomba hilo sina. Liko mjini, na barabara imekatika."

"Itafunguka lini?"

"Mvua zikiisha."

"Mvua zikiisha mke wangu atakuwa ameshatembea masika yote. Chomelea hivyohivyo."

Ditriki akakuna kichwa. Rafiki yake yule, na macho yale ya kuomba. "Haya, nitachomelea. Lakini nisikilize vizuri. Hii ni baiskeli ya mtu mmoja. Mtu mmoja na kimkoba chake. Ukipakia wa pili, siku moja itakatika hapa shingoni, chini ya usukani. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Na mkeo mwambie."

"Nitamwambia."

Je, alimwambia? Hakumwambia.

Ngojeni, msimtukane bado. Pale Lugombe baiskeli mpya huvishwa. Mabomba yake yote yanazungushiwa utepe wa nailoni, wa rangi, kuanzia shingoni mpaka chini ya tandiko, na nailoni hiyo haivuliwi. Kuivua ni kusema baiskeli yako imezeeka. Kasian akaivisha ile ya mkewe utepe wa buluu na mweupe, akaukaza sana pale shingoni penye kovu la kuchomelea. Hakutaka watu waseme Oresta anapanda kiraka.

Siku ya kuitoa nje wanawake walipiga vigelegele. Dada yake Kasian, Fulgensia, dada yake wa pekee, aliizunguka baiskeli anacheza, anaigonga kengele, anamwambia wifi yake, "Wifi, ungemkataa kaka yangu ungepata wapi!" Na Oresta alikuwa analia. Alisema, "Tangu nizaliwe, hakuna mtu aliyewahi kukaa akanitengenezea kitu." Sasa hapo, jamani, mwanamume gani afungue mdomo aseme mama, ina ugonjwa hapa shingoni? Kasian alijiambia nitamwambia kesho. Tena hakuifunga keria. Akajisemea, bila keria hakuna pa kumpakia mtu. Akalala usingizi.

Kesho ikafika, Kasian akanyamaza. Keshokutwa ikafika, akanyamaza.

Lakini baiskeli bila keria, pale Lugombe, ni kichekesho. Wanawake walimtania Oresta njia nzima: "Wewe, hiyo ya maonyesho?" Naye alikuwa na mkoba, sare ya kazi, na wakati mwingine kuni. Akaenda kwa Ditriki bila kumwambia mumewe, maana hakutaka ajione amesahau kitu.

"Kaka Ditriki, nifungie keria."

Ditriki akaitazama baiskeli. Akamtazama Oresta. Akawaza, bila shaka Kasian alishamwambia, na mimi nikirudia nitaonekana namchongea rafiki yangu kwa mkewe. Akauliza tu, "Ni ya mkoba?"

"Ya mkoba na vijikuni."

Akakata nondo, akakunja keria, akaifunga. Na Ditriki naye akanyamaza.

Jioni Kasian akaiona. Moyo ukampasuka paa! "Nani amekufungia?"

"Ditriki."

Kasian akashusha pumzi. Akawaza, Ditriki ndiye anayeijua fremu hii kuliko mtu yeyote, na kama yeye mwenyewe ameifunga keria, basi ameipima, ameona itahimili. Mmeona mambo hayo? Huyu anadhani yule amesema, yule anadhani huyu amepima. Na mwenye kuipanda katikati yao, hajui lolote.

Oresta akawa anakwenda kazini anaimba. Miguu ikapungua uvimbe. Uso ukarudi. Baada ya muda baiskeli ikaanza kulia: kwii, kwii, akikanyaga sana. Oresta akaisikia. Akatia mafuta kwenye cheni, ikaendelea kulia. Akakaza tandiko, ikaendelea. Angeivua nailoni angeona, lakini nani avue nailoni? Angemwambia mumewe, lakini alimjua. Kasian angejiona hakufanya kitu cha maana, angekaa anaitazama ile baiskeli kwa huzuni. Kwa hiyo na Oresta, kwa mapenzi yake, akanyamaza.

Sasa nimlete mtu mwingine, Batazari, mume wa Fulgensia. Mkewe alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza mtoto alikufa wakati wa kuzaliwa, nyumbani, juu ya mkeka, bila mtu wa kusaidia. Kwa hiyo safari hii nesi alisema wazi, na aliyepeleka ujumbe ni Oresta.

"Shemeji, nesi anasema wifi akakae kule karibu na zahanati, mwezi huu wa mwisho. Kuna chumba cha kusubiria. Nitampikia mimi mwenyewe."

Batazari akatazama shamba lake. "Shemeji, mpunga umetia punje, unatoa maziwa, ndege ndio hao. Akiondoka Fulgensia nani atafukuza ndege upande wa pili? Wiki ijayo."

Wiki ijayo ikafika. "Shemeji, wifi aende."

"Wiki ijayo."

Nawaambieni, ndege wa mpunga wana roho mbaya, wanaweza kumaliza shamba. Batazari hakuwa mlevi wala mkatili. Alikuwa anaogopa njaa. Hilo nalo lijueni.

Ikaja Jumapili, mchana, jua kali baada ya mvua. Batazari yuko juu ya dungu lake, mbali, anapiga kelele za kufukuza ndege. Oresta yuko nyumbani peke yake. Akaona Fulgensia anakuja, ameshikilia uzio kwa mkono mmoja, amelowa chini.

"Wifi, maji yametoka."

"Yesu wangu. Keti."

"Siketi. Nipakie."

"Wifi, twende kwa miguu, nitakushika."

"Sifiki. Yule wa kwanza nilimwacha kwenye mkeka. Huyu nakuomba, nipakie."

Oresta akatandika khanga juu ya keria, akampandisha wifi yake, akamwambia nishike kiunoni. Akakanyaga. Mwanamke anampakia mwanamke, juu ya tuta, matope kushoto, matope kulia. Baiskeli inalia, Fulgensia analia, Oresta anahesabu naye pumzi. Walikuwa wanakwenda vizuri. Nasema kweli, walikuwa wanakwenda vizuri. Walilivuka daraja la magogo. Zahanati ilikuwa inaonekana, bati lake linang'aa.

Kwenye mteremko wa daraja, ng'ambo kule, fremu ikakatika. Shingoni.

Sitawachora sana. Oresta aliruka mbele, akaangukia mkono, mkono ukavunjika. Fulgensia aliangukia tumbo juu ya magogo ya mwisho ya daraja. Damu ikaja nyingi. Mtoto akazaliwa palepale kwenye nyasi, akipokewa kwa mkono mmoja mzima wa shangazi... wa nani yake? Mtajua wenyewe amwite nani. Akalia. Mtoto wa kike. Fulgensia akamsikia akilia. Akamtazama Oresta, akasema, "Wifi, mshike." Watu walipofika na machela, alikuwa ameshakata roho.

Walizika. Wakalia. Wakati wote wa matanga mtoto alikuwa kwa Oresta. Batazari mwenyewe alimleta, akamweka mapajani pake, hakusema neno. Oresta, mkono mmoja umefungwa mbao, alimnywesha maziwa kwa kijiko kwa mkono mwingine. Akipewa mtu mwingine, mtoto anakaza shingo, anakataa. Akirudishwa kwa Oresta anakunywa, analala kifuani. Na Oresta, ambaye kifua chake hakikuwahi kulaliwa na mtoto, akaanza kumpenda. Sikilizeni vizuri hapa. Alimpenda mpaka alikuwa anaogopa kupumua, asije akamwamsha.

Sasa Lugombe wana desturi. Matanga yakianuliwa, watu hukaa, huulizwa: kifo hiki kina mwenyewe, yaani mtu aliyekisababisha? Mara nyingi watu hujibu hakina, ni cha Mungu, wanakunywa pombe wanaondoka. Lakini kikiwa na mwenyewe, akatajwa, basi mtoto wa marehemu halelewi na mkono huo wala haishi nyumba moja nao. Na mpaka swali hilo lijibiwe, mtoto hapewi jina. Kwa hiyo yule binti alikuwa anaitwa "mtoto" tu.

Alikuja dada yake mkubwa Batazari, anaitwa Konsolata, ameolewa mbali, nyuma ya milima. Mwanamke mkavu, mkweli. Alikuja na khanga ya kubebea. Watu walipokaa uani akauliza:

"Kifo hiki kina mwenyewe?"

Watu wakatazamana. Konsolata akasema:

"Nileteeni hiyo baiskeli."

Ikaletwa, vipande viwili. Konsolata akatoa wembe, akaichana ile nailoni ya buluu na nyeupe kuanzia juu hadi chini, mbele ya watu. Pale shingoni palipokatika, upande mmoja chuma kilikuwa kinang'aa. Upande mwingine kilikuwa chekundu kwa kutu.

"Hapa panapong'aa pamekatika siku ile," akasema. "Hapa penye kutu palikatika zamani. Ilikuwa inaumwa, na mtu alijua. Nani?"

Ditriki akasimama haraka. "Mimi nilisema! Mungu ni shahidi wangu. Nilimwambia Kasian, baiskeli ya mtu mmoja. Nikamwambia amwambie na mkewe. Mimi naingiaje katika kifo hiki, nisiyekuwepo hata njiani?"

"Na keria ya kumpakia mtu alifunga nani?" Konsolata akauliza.

Ditriki akainyooshea keria kidole. "Ya mkoba," akasema. "Ilikuwa ya mkoba."

"Ulimwambia mwenye baiskeli kwamba ni ya mkoba tu, vinginevyo itamuua?"

"Nilidhani mumewe ameshamwambia."

"Ulidhani. Na kwa nini ulichomelea kitu ulichojua kinahitaji bomba ndani?"

"Rafiki yangu aliniomba," akasema Ditriki, akaketi.

Watu wote wakamgeukia Kasian. Oresta naye akamgeukia, mtoto amelala kifuani pake. Alikuwa ndiyo kwanza anasikia. Alisema polepole, "Ulijua?"

Kasian akasimama. "Nilijua. Nilitaka kukuambia siku ya kwanza, ukawa unalia kwa furaha. Nikasema kesho. Halafu nikaona keria, nikadhani Ditriki amepima." Akamgeukia mkewe. "Na kuna jingine. Jumapili ile nilikuwa shambani, karibu na tuta. Niliwaona mkipita."

Loo! Ua mzima ukapiga kite.

"Ulituona?" Oresta akasema.

"Niliwaona. Nilisimama. Nilitaka kupiga kelele mshuke. Nikaona dada yangu anavyojikunja, nikasema wakishuka atazalia matopeni, atakufa matopeni. Nikasema pengine itafika. Nikapiga magoti, nikaomba. Sikupiga kelele."

"Ungenipigia kelele ningemkokota, Kasian. Ningeshuka mimi nikaikokota baiskeli naye amekaa. Tungefika."

"Hilo sikulifikiri."

"Mimi ningelifikiri! Ni mimi niliyekuwa naipanda! Umenipimia mpaka upana wa kiganja, umeshindwa kuniambia neno moja?"

Alilia kwa sauti mpaka mtoto akaamka. Hakuna aliyemnyamazisha, hata mama yake Kasian, ambaye alikuwa amejifunika khanga uso mzima. Mtoto wake mmoja yuko kaburini, mwingine amesimama pale.

Konsolata akangoja. Halafu akamwuliza Oresta, bila kelele, "Na wewe? Chuma hakioti kutu kimyakimya. Hukusikia kitu?"

Oresta angeweza kusema sikusikia. Nani angejua? Lakini akasema, "Nilisikia. Ilikuwa inalia kila siku. Sikumwambia, nilidhani nitamwumiza."

"Na ukampakia mjamzito juu ya kitu kinacholia."

"Nikampakia."

Konsolata akafuta wembe wake. "Basi sikilizeni. Mnajua desturi. Akitajwa Kasian au akitajwa Oresta, nyumba ni moja, mtoto naondoka naye leo. Kule kwangu atakula, atavaa, lakini huku hamtamwona tena. Akitajwa Ditriki, mtoto anabaki. Semeni."

Na hapo, ndugu zangu, mambo yakageuka. Wale wale waliokuwa wanajivua, wakaanza kujivika. Kasian akasema, "Kifo ni changu. Changu peke yangu. Leo hii natoka katika nyumba ile, sirudi, sitaiona. Nyumba iwe ya Oresta. Mtoto abaki na Oresta."

Oresta akasema, "Aliyekanyaga pedeli ni mimi. Usinipe mtoto kwa kunipokonya mume. Sijakusamehe, lakini sijakwambia uondoke."

Ditriki akasimama tena, safari hii taratibu. "Nitajeni mimi. Sitashika tena mashine ya kuchomelea, maana nani ataleta baiskeli kwa mtu mwenye kifo? Nina watoto wanne nyumbani wanaokula kwa mashine ile. Lakini nitajeni. Wale wawili wabaki na mtoto."

"Ala!" Konsolata akasema. "Sasa hivi mlikuwa mnakikimbia, sasa mnakigombania? Mimi sikuja kugawiwa huruma. Nimeuliza kifo ni cha nani, sikuuliza nani anataka kuwa mwema."

Alikuwa na haki, yule mama. Msimchukie.

Ndipo Batazari, baba wa mtoto, mwenye kesi, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekaa anatazama chini, akasema bila kusimama. "Niliambiwa nimpeleke. Oresta alikuja. Nesi amesema mwezi wa mwisho akae karibu. Nikasema wiki ijayo. Alirudi, nikasema wiki ijayo. Kama Fulgensia angekuwa kule, baiskeli hii ingekatika siku nyingine, au isingekatika kabisa, na asingekuwa juu yake. Oresta amekaa hapa asubuhi nzima anasulubiwa, na hilo hakulitamka."

Dada yake akamtazama. "Kwa nini hukulitamka?" akamwuliza Oresta.

"Mtoto hana mama," Oresta akajibu. "Nimwondolee na baba?"

Maana desturi ni desturi. Akitajwa Batazari, asingemshika tena binti yake, asingemwita mwanangu, angemwona kwa mbali akipita.

Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Mtoto alianza kulia njaa. Oresta akanyoosha mkono wake mzima kwenye kikombe na kijiko, Konsolata akamzuia. "Ngoja kwanza. Atajwe mtu." Akamchukua mtoto, akamfunga mgongoni kwa ile khanga aliyokuja nayo, akaenda akasimama kwenye njia ya kutokea. Mtoto anapiga mateke, anakaza shingo, analia mpaka sauti inakauka. Kikombe kiko mkononi mwa Oresta. Kasian amesimama, hajui amshike mkewe au asimshike. Ditriki anatazama mikono yake. Batazari hajanyanyua uso.

Hawakuafikiana. Wengine walimtaja huyu, wengine yule, wakaanza kutukanana, matanga yakageuka ugomvi. Konsolata akasema, "Nawapa muda wa mtu kumaliza kulia. Mtoto akinyamaza kwa kuchoka, naondoka naye."

Basi mimi nimeishia hapo. Wewe unafuta machozi, yafute upesi, kuna kazi. Wewe unayetikisa kichwa, sema, usitikise. Mchomeleaji aliyeonya mara moja, kisha akanyamaza? Mume aliyependa akaogopa, akawaona wakipita? Mke aliyesikia kitu kinalia akakipaka mafuta? Baba aliyesema wiki ijayo? Msiniambie ni cha Mungu, nailoni imeshachanwa. Wala msiniambie wote. Wote hakuna desturi yake, na wote maana yake ni kwamba mtoto anaondoka.

Mnasikia? Sauti yake inapungua. Je, kifo cha Fulgensia ni cha nani?